Gari Lililozama Halikaushwi kwa Jua

Nakumbuka, mwanangu Nsimire, siku niliyomkabidhi mwalimu wangu funguo za gari nililojua limezama. Nakusimulia leo nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana nilikusikia barazani na yule fundi wako mkizungumzia hibridi yako, gari la mafuta na umeme, ambalo mvua ya wiki iliyopita ililikuta hapa Nyalukemba, maji ya matope yakaingia mpaka ndani.

"Tunaikausha siku tatu kwa jua, tunapulizia parfum ya kunukia, tunauzisha," fundi alisema. "Mutu wa Walungu atajulia wapi?"

Nawe, mtoto niliyekulea kwa sala, ukacheka. Chai yangu ikanishinda kunywa.

Sikiliza. Nilikuwa kijana, nimetoka tu kujifunza ufundi, nikijiona hakuna injini Bukavu nzima inayonizidi ujanja. Nilikuwa na gari dogo jeupe, langu la kwanza. Nililiacha kwa rafiki kule Mumosho, kando ya kijito. Mvua ikanyesha milimani, kijito kikafurika. Nililikuta limejaa maji hadi usukani, chura ameketi kiti cha mbele kama abiria. Tulicheka sana.

Nikamwaga maji, nikabadilisha oili, nikakausha injini. Likawaka. Mwanangu, kule kuwaka ndiko kulikonidanganya! Breki sikuzifungua. Nyaya sikuzigusa. Ulikuwa uvivu, nisiupe jina lingine. Nikalipaka rangi, nikatafuta mnunuzi.

Akaja mwalimu Cikuru wa Walungu, aliyenifundisha kusoma. Mkewe, Maman Nabintu, alikuwa akiumwa mgongo, na safari za pikipiki kwenda hospitali zilikuwa zikimliza. Mwalimu aliniuliza swali moja tu.

"Mutoto wangu, hii gari iko na shida?"

"Hapana, mwalimu. Iko muzima."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi minne. Kikulacho ki nguoni mwako: kutu ilikuwa ikizila breki kutoka ndani, kimya. Siku moja wakirudi kutoka hospitali, kwenye mteremko, mwalimu alikanyaga breki, mguu ukaenda hadi chini kama anakanyaga hewa. Gari likatumbukia katika migomba. Mwalimu alivunjika miguu yote miwili. Maman Nabintu hakufika nyumbani.

Nilikwenda kumwona hospitalini.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

"Nilijua, mwalimu. Ilizama."

"Ungeniambia tu. Pengine tungekataa. Pengine tungekubali, lakini tungepima breki kwanza, mbele ya kupanda. Wewe ulituchagulia, ku nafasi yetu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Miguu yake haikupona vizuri, nami nikawa naenda kumlimia shamba kila msimu hadi alipofariki. Aibu haikupungua hata kidogo.

Sasa wewe na fundi wako. Gari langu lilikuwa la kawaida. Lako lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, yenye umeme wa kuua mtu, na yule bwana anataka kuifungua kwa koleo na mikono mitupu! Betri ya namna hiyo ikiingia matope inaweza kutulia siku nyingi, halafu ikashika moto. Kwa hiyo usiliwashe, hata kwa kujaribu. Lisukumwe mbali na nyumba, na watoto wasilichezee. Kisha tazama alama ya matope. Kama maji yaliishia kwenye zulia, mwite fundi aliyesomea hibridi, mwenye glavu zake, afungue betri, nyaya na breki, ndipo aseme kama linafaa. Kama yalifika kwenye betri, kwa gari lililozeeka hivi, usijisumbue. Limekufa. Toa milango, vioo na viti, umpe mtu anayejua vilikotoka.

Najua ulivyolihangaikia. Najua pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wahenga. Mimi nilificha, na kilio kikasikika katika nyumba ya mwingine. Usiniambie eti watu wote wanafanya hivyo. Mutu wa Walungu ni mtu! Ana mke, ana mgongo unaouma, ana mteremko wa kushuka.

Mungu akujalie gari jingine, mwanangu, na kama si gari, akujalie magoti ya kupanda vilima vya mji huu. Lakini kabla ya yote akupe ulimi wa kusema "hii ilizama" kabla mtu hajakuuliza.