Nzi wa Chamima

Chamima wa Quitunda alikuwa mtu mwema, ila kwa habari ya nzi hakuwa na haya. Ofisi ya kilimo ilipompa lenzi na ndoo sita, akajiona daktari. Alikusanya matunda ya majirani, akayaweka kila aina kwenye ndoo yake yenye mchanga, akafunga kitambaa juu, akaandika jina la mwenye shamba. Funza wa ndani ya matunda wakigeuka nzi, aliwatazama mbawa: wa maboga na matango ana doa jeusi kwenye ncha ya ubawa, wa maembe ubawa wake hauna rangi, ila mstari mweusi ukingoni. Shamba lenye huyu wa pili, mnunuzi wa Palma hachukui embe hata moja.

Tatizo ni kwamba aliwaita nzi kwa majina ya wenye mashamba. Msimu uliopita, mbele ya mnunuzi na watu waliojipanga, alitangaza, "Hawa ni nzi wa Graça!" Maembe ya Graça, jirani wa mlango wa pili, yakaachwa. Tangu hapo Graça, mcheshi wa mtaa mzima, akawa anamjibu salamu tu na kuingia ndani. Chamima aliumia sana, lakini kuomba radhi kulimshinda. Alijiambia kazi ni kazi.

Mwaka huu ndoo ya maembe yake mwenyewe ikatoa nzi kumi na mmoja. Akashika lenzi, akatafuta doa la ncha. Akaifuta lenzi kwa kanga, akatafuta tena. Akampeleka nzi mmoja juani, nusura ambembeleze. Labda ni wa maboga, kapotea njia? Lakini ndoo ile ilikuwa na maembe matupu, kayachuma kwa mkono wake. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuwamwaga, na kesho gari la mnunuzi lingebeba mzigo wake.

Alikaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akabeba ndoo hadi mlangoni kwa Graça.

"Hodi, dada. Hawa ni nzi wa Chamima. Mwaka jana nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Graça akachukua lenzi, akafumba jicho moja, akatazama bila haraka yoyote.

"Aa, vizinha, jirani yangu! Wazuri kweli. Wamefanana na mama yao."

Akacheka mpaka akashikilia mlango. Chamima naye akacheka, machozi yakimlengalenga. Maembe yote ya Chamima sasa ilibidi yafukiwe kwenye shimo refu, nzi wasienee. Graça akaingia ndani, akatoka na jembe, akauliza wachimbe wapi.