Viatu vya mathe nje ya lifti

Leo mathe, mama yangu, amevua viatu ndio aingie lifti.

Nilimpeleka ile ghorofa ndefu ya vioo huko tao, aone Nairobi kutoka juu. Sakafu inang'aa mpaka unajiona. Na huku kwetu Gatina huwezi ingia kwa mtu na viatu.

So akaviacha hapo nje, amevipanga vizuri. Kabla niseme kitu, mlango ukajifunga.

Huko juu watu wanapiga selfie. Mathe, miguu tupu, anauliza kwetu ni wapi. Nikamuonyesha mabati ya Gatina, mbali.

Kushuka, viatu hakuna.

Soja wa mlangoni akasema, "Nilidhani ni takataka, nikatupa."

Mathe akamwambia, "Pole kwa kukusumbua."

Nikamshika mkono, tukatoka. Wewe ungesema nini?

Tumefika nyumbani. Nimevua vyangu mlangoni. Viko hapo peke yavyo.