Saruji Juu ya Buloni

Mpaka leo, nikiona mtu anamwaga saruji juu ya buloni, damu inanichemka.

Wakati ule wa vita nilikuwa mhandisi, nachora ramani za madarasa ya mbao katika ofisi moja ya Ibanda, mjini. Kuta zilikuwa vipande vipande, zinashikwa na buloni tu, bolti za chuma za kufungua kwa spana. Wanaume wachache wanazifungua asubuhi moja, wanapakia kwenye lori, camion, wanaenda kusimamisha pengine. Niliyachora hivyo kwa sababu watu walikuwa wanakimbia kila mara, na kila mara watoto wanaacha shule nyuma. Darasa la kwanza tulilipeleka Mumosho, kwa familia zilizokimbilia huko. Niliwaambia wazazi wazi: hakuna msumari, hakuna saruji. Wakasema ndiyo papa, tumesikia.

Siku ya kufungua shule nikafika, nikakuta nini? Jamani! Kuta zimepigwa misumari juu hadi chini, saruji imemwagwa kwenye miguu yote ya kuta, buloni hazionekani tena. Wazazi walikuwa wamechanga mifuko ya saruji kimyakimya, wanipe heshima. Kwetu nyumba ya mbao ni ya maskini. Ya saruji tunaiita durable, ya kudumu, na hiyo ndiyo inamfanya mtu aonekane mtu. Mwenyekiti wao akanishika mkono, anacheka kwa furaha.

"Papa ingénieur, tulikumalizia kazi. Sasa iko durable!"

Watu wakapiga makofi. Nikamfokea palepale, mbele ya mke wake. Nilimwuliza kama ana akili timamu.

Baadaye vita vikafika Mumosho kweli. Camion inangoja na injini inanguruma, risasi zinasikika mlimani, sisi tunang'oa misumari. Mbao zikapasuka zote. Hatukutoa hata kipande kimoja kizima, tukapakia watu tukaondoka.

Kule Katana tulikokimbilia, watoto walisomea kwenye majani, na mvua ikija masomo yanaishia hapo. Siku moja mvua ikatukuta, nikaanza tena: ujinga, ujinga mtupu, watu wamewanyima watoto wao shule kwa mikono yao wenyewe! Nilisema kwa sauti, nisikike. Mke wa mwenyekiti alikuwa karibu, anamfunika mtoto wake kitenge kichwani.

"Papa," akasema bila kunitazama, "ulituletea nyumba ya kukimbia nayo. Sisi tulikuwa tumechoka kukimbia."