Kizimba cha Bawaba

Waumini walimwita Bawaba, na yeye jina hilo alilipokea kama sifa. Kila Jumapili, padre anapoanza kugawa komunyo na watu wanajipanga mstari, seremala huyu hunyanyuka kimya kimya, akaenda mpaka mlango mkubwa wa kanisa, akaanza kuukagua. Ataufungua kidogo, ataufunga, atainama kuisikiliza bawaba ya chini kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Wazee wa kanisa walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Yule bwana, hata misani hapumziki." Mlango wenyewe haukuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa fundi.

Ukweli ni kwamba Bawaba hakuwahi kupokea komunyo maishani mwake, kwa sababu hakuwahi kuungama. Alibatizwa akiwa mchanga, mama yake akafariki kabla hajajua kutembea, na bibi aliyemlea alipofariki naye, mambo ya kanisa yakaishia hapo. Alipooa, aliyewafungisha ndoa alikuwa padre mmoja mzee, macho yamechoka, ambaye hakuona mengi wala hakuuliza mengi. Tangu hapo kila mtu alichukulia kwamba fundi wa kanisa lazima awe Mkatoliki kamili, na Bawaba hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa masahihisho.

Kisha binti yake akapata mchumba.

"Baba," alisema binti mezani, "siku ya harusi yangu sitaki kukuona mlangoni. Nataka upokee komunyo pamoja na mama, benchi la mbele."

"Lakini ule mlango, mwanangu..."

"Mlango utajiangalia wenyewe siku hiyo."

Mkewe, aliyekuwa akijua siku zote, alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Bibi harusi mtarajiwa akamtazama mama, akamtazama baba, akaweka kijiko chini. Siri iliyokaa ndani ya nyumba miaka yote hiyo ilitoka kwa kikohozi kimoja. Kabla ya sahani kuoshwa, habari zilishafika nyumba ya pili, kwa mama mkwe wa Bawaba.

Mama mkwe huyo alikuwa nguzo ya parokia. Alipiga magoti bila kushika benchi, na rozari yake ilikuwa imeng'aa kwa kusaliwa. Mwanzoni hakumpenda mkwe wake hata kidogo. Salamu zake aliziitikia nusu mdomo, na akiulizwa binti yake ameolewa na nani, alijibu, "Ameolewa na nyundo." Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka siku Bawaba alipomletea kabati.

Lilikuwa kabati la vyombo, la mbao nyekundu ngumu, milango miwili ya vioo, zito kiasi cha kuchosha wanaume wanne. Mama mkwe alilizunguka, akalipapasa, akalifungua na kulifunga. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu." Bawaba alikwenda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta msasa, kumbe alikuwa analia. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanangu tangu bibi yake. Kuanzia siku ile alikula kwa mama mkwe kila Jumapili, akakaripiwa kwa kuchelewa kama mtoto wa kuzaa, na alilipenda karipio lile kuliko chakula. Wageni wakifika, mama mkwe aliwapeleka moja kwa moja mbele ya kabati, lenye sanamu ya Bikira Maria juu yake. "Hili kabati lina baraka zake," alikuwa akiwaambia. Bawaba alicheka kila mara, na kila mara kicheko kilimkwama kooni.

Kilimkwama kwa sababu mbao zile zilikuwa za kanisa. Paroko alipomwagiza kutengeneza kizimba kipya cha maungamo, parokia ilimletea mbao ngumu za kutosha, kila ubao ukiwa na msalaba mdogo mweupe uliopigwa rangi na mtunza stoo. Kizimba kilikuwa na vyumba viwili vidogo: huku padre, huku mwenye dhambi, katikati ukuta wenye kidirisha cha wavu. Bawaba alizitazama zile mbao, akamfikiria mama mkwe, na shetani naye hakuwa mbali. Kuta zote za kizimba alizijenga kwa plaiwudi, akaipaka rangi na vanishi mpaka ikafanana na mbao yenyewe. Paroko alimsifu mbele ya waumini wote. Watu wakapiga makofi, na Bawaba akainama kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye benchi la nje akimsubiri mkewe, akagundua kasoro ya kazi yake. Kila neno la ndani lilikuja nje. Alimsikia mwuza maziwa akikiri habari za maji, na tangu siku ile nyumba ya Bawaba ikanunua maziwa mtaa wa pili. Wiki iliyofuata, kwa bahati ya ajabu, paroko alihamishia mazoezi ya kwaya Jumamosi saa ya maungamo. Watu walilalamika kwamba huwezi kujuta vizuri huku masoprano wanapiga kelele. Paroko hakubadilisha. Bawaba alimshukuru Mungu kwa kwaya ile, nadhani ndiyo sala pekee aliyoisali kwa moyo wote katika miaka sita iliyofuata.

Sasa basi, kwa ajili ya harusi ya binti yake, Bawaba akaanza mafundisho ya komunyo. Waliomtangulia darasani walikuwa watoto wa komunyo ya kwanza, na madawati yalikuwa yale aliyoyatengeneza mwenyewe, kwa vipimo vya watoto. Alikaa magoti yakiwa usawa wa masikio. Katekista, mwalimu kijana mwenye heshima zake, alimwita mzee na hakumpa swali gumu. Alifundisha kwamba anayeficha dhambi moja kwa makusudi hajaungama hata moja. Akafundisha kwamba aliyeiba hurudisha. Akafundisha kwamba padre hawezi kutoa siri ya maungamo hata akatwe kichwa, na hata mtu mwingine akisikia kwa bahati mbaya, naye amefungwa mdomo vilevile.

Bawaba akanyoosha mkono. "Mwalimu, kuna rafiki yangu mmoja. Aliiba kitu, lakini hakukitumia yeye. Alimpa mtu mwema sana, na yule mtu hajui. Sasa huyo rafiki yangu akirudisha, si atakuwa anamnyang'anya asiye na kosa?"

Kabla katekista hajajibu, binti mdogo wa dawati la mbele akageuka. "Huyo rafiki yako ndiyo wewe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Bawaba naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, na shati lake likalowa mgongoni.

Kwenye karakana alifanya mazoezi mbele ya mbao zilizoegemezwa ukutani, kwa kuwa mbao hazina mdomo. Dhambi yake aliipiga randa kila siku ili ipungue. Kwanza ilikuwa "niliiba mbao za kanisa." Siku ya pili ikawa "nilichukua mbao." Siku ya tatu, "nilibadilisha vifaa." Mwishoni ilikuwa nyembamba kabisa: "kulikuwa na mabadiliko kidogo katika ujenzi." Akaisikiliza, akaona aibu hata mbele ya mbao. Alifikiria kwenda kuungama parokia ya mbali ambako hajulikani, lakini mama mkwe alishatangaza kwamba atampeleka mwenyewe, mkono kwa mkono, na yeye atamfuata foleni.

Hofu yake haikuwa jehanamu. Jehanamu aliisikia tu. Hofu yake ilikuwa ile nyumba ya pili: aamke Jumapili aende, na asikie tena salamu ya nusu mdomo. Asipoungama, atamfedhehesha binti yake mbele ya ukoo wa mkwe. Akiungama nusu, katekista keshasema. Tumaini lake pekee likawa kwaya. Masoprano wakishapanda, alijiambia, hata nikipiga yowe hakuna atakayesikia.

Jumamosi ilifika. Bawaba aliingia kanisani akiwa amenyolewa, amenyooshewa shati, mama mkwe kando yake kama askari na mahabusu. Benchini walikuwapo katekista na mwuza maziwa. Kanisa lilikuwa kimya mpaka unamsikia nzi.

"Kwaya iko wapi?" aliuliza Bawaba.

"Wamekwenda kwa fundi cherehani," alisema katekista akitabasamu. "Kupimwa sare za harusi ya binti yako, mzee. Si wewe uliyewaharakisha?"

Ni yeye. Maji yalimfika shingoni, na mama mkwe akamsukuma mgongoni taratibu. "Ingia, mwanangu. Usiogope."

Ndani kulinukia vanishi yake mwenyewe. Alipiga magoti, akafanya ishara ya msalaba, akanong'ona, "Baba, unibariki kwa kuwa nimekosa. Hii ni mara yangu ya kwanza."

"Ya kwanza mwaka huu?" aliuliza paroko.

"Ya kwanza maisha haya, Baba."

Paroko akamwambia aendelee. Bawaba alianza na zile nyepesi. Amekasirika. Amesinzia kwenye mahubiri. Amewadanganya wateja kwamba kazi yao itakuwa tayari kesho.

"Mara ngapi?"

"Baba, mimi ni seremala."

"Naam. Endelea."

Hapo ndipo penyewe. Alinong'ona kitu kwenye ukosi wa shati. Paroko akasema hasikii. Akanong'ona tena. Paroko akamwomba apaze sauti kidogo. Bawaba alitazama ule ukuta, akaona mistari ya mbao aliyoichora kwa brashi, akaona miaka yote ya kusimama mlangoni, na ghafla akachoka. Alichoka kabisa, kama mtu aliyebeba kabati peke yake.

"Ukuta huu, Baba," alisema, tena kwa sauti, akaugonga kwa kidole. "Ni plaiwudi. Kizimba kizima. Mbao zenu niliziiba."

Nje, punje za rozari ziliacha kugongana. Mwuza maziwa aliutazama ukuta, kisha kwa mara ya kwanza akaanza kukumbuka yote aliyowahi kuyasema nyuma yake.

"Najua," alisema paroko polepole.

"Unajua?"

"Jumamosi ya kwanza nilimsikia mtu benchini akifungua pipi. Unadhani kwaya ile niliihamishia hapa kwa uzuri wa sauti zao? Nilikuwa nakungoja uje useme mwenyewe. Sikujua utachukua miaka sita." Akashusha pumzi. "Mbao ziko wapi?"

"Ziko kwa mtu asiye na hatia, Baba. Hajui kitu. Anazipangusa kwa kitambaa kila asubuhi. Nikimwambia, sijui nitakwenda wapi Jumapili."

Paroko hakumkemea. Alimwambia azungumze na mtu huyo, mbao zirudi ukutani, na sasa hivi asali sala ya kutubu bila haraka. Kisha akamwondolea dhambi. Bawaba alitoka. Mama mkwe alishasimama. Hakumtazama. Alipita ubavuni mwake kama mtu anayepishana na mgeni, akaingia, akafunga mlango. Bawaba akaketi benchini kusali malipizi yake, na sala yote ilimtoka kichwani. Basi, alijiambia. Nyundo imerudi kuwa nyundo.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikapita kwenye plaiwudi, wazi, sauti ya mtu asiyezoea kunong'ona.

"Baba, unibariki kwa kuwa nimekosa. Naungama kwako kila mwezi, na kila mwezi naacha moja. Kuna siku nilikuwa nafukuza panya, nikaita vijana wanisogezee kabati. Nyuma yake kuna msalaba mweupe, ule wa stoo ya parokia. Nikawaambia walirudishe ukutani upesi."

Mwuza maziwa aliinamisha kichwa upande wa kizimba. Katekista naye alikuwa ameacha kufumba macho.

"Nilijua tangu mwaka ule ule aliponiletea," mama mkwe aliendelea. "Lakini kijana yule hana mama, Baba. Ningesema, angeona haya, asingekanyaga tena kwangu. Nikaona bora nikae na dhambi kuliko..."

Bawaba hakungoja neno la mwisho. Alisimama katikati ya kanisa, akajaza kifua, akaimba. Sauti hakuwa nayo. Mungu alimpa mikono akaona inatosha. Alijua ubeti mmoja tu wa wimbo mmoja tu wa kwaya, akauimba kwa nguvu zake zote, alipoufikisha mwisho akaurudia, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, huku amemkazia macho mwuza maziwa mpaka yule akarudisha kichwa mahali pake. Mabibi waliokuwa wakipanga maua altareni waligeuka. Mmoja alijifuta machozi. Walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona neema ya maungamo ya kwanza ikimshukia mtu kwa kishindo namna ile.

Aliimba mpaka mlango wa kizimba ulipofunguka. Mama mkwe alitoka, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akamsogelea.

"Nyamaza sasa, unatuaibisha," alisema. "Jumatatu uje na bisibisi. Vyombo nitakuwa nimeshavitoa. Na kesho usichelewe kula, mwanangu."