Nilisaini Kwamba Wanajua Kupima Damu

Admin, naomba unifichie jina, na chuo pia usikitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, Mpare wa Chome, mkufunzi wa maabara katika chuo kikuu kimoja cha umma. Haya ninayoandika hata mume wangu hayajui.

Zamani kila mwanafunzi wangu alipima makundi ya damu kwa mikono yake mwenyewe mpaka azoee. Kisha fedha za serikali zikaanza kuja pungufu. Chuo, ili kijiendeshe kwa ada, kikaongeza wanafunzi, na dawa za kupimia zikawa haziagizwi tena. Nikawa nawachorea tu ubaoni jinsi ya kupima. Nilipomlalamikia mkuu wa idara akaniambia, "Mama, wasainie tu. Watajifunzia kazini." Nikasaini vitabu vyao vya mazoezi, kimoja baada ya kingine, kwamba wameweza.

Mwezi uliopita mama yangu aliishiwa damu. Kaka alimteremsha kutoka Chome hadi Same, na ubovu wote ule wa barabara, akamfikisha kwenye kituo kimoja binafsi cha afya. Nilipofika nikakuta ameshatundikiwa damu. Anatetemeka, anasema kiuno kinawaka moto. "Mwanangu, nifunike, nasikia baridi." Sikumsikia tena akiongea. Alifariki kesho yake asubuhi. Mama alikuwa kundi O. Walimpa damu ya kundi A, isiyopatana na yake.

Aliyempima ni binti mdogo, mgeni kazini. Aliponiona alipiga magoti akilia.

"Shikamoo madam. Mimi ni mwanafunzi wako. Pale chuoni sikuwahi kupima hata mara moja. Hapa wameniacha peke yangu, nikaogopa kusema siwezi."



Mama tumeshamzika. Sasa kaka anataka yule binti afungwe. Ukoo umekaa, wakasema barua ya mashtaka niiandike mimi, kwa sababu ndimi msomi wao na kazi ya maabara naijua. Binti mwenyewe hajanitaja popote.

Nikisema ukweli, kazi sina, na ndugu zangu sijui watanitazamaje. Nikinyamaza, namfunga mtoto wa watu. Barua wanaitaka Jumapili, wakitoka kanisani.

Ndugu zangu, nishaurini. Kwenye barua hiyo niandike jina la nani?