Meza ya Kutwikana, Ghala la Pamba Baraka

Siku yangu ya kwanza kazini katika mji wa Baraka, miaka ile ya hamsini ya utawala wa Wabelgiji, nilivaa koti jeupe lililonipwaya na nikakuta foleni ya wapagazi wa ghala la pamba, wote wameshika viuno. Mimi nilikuwa anfirmiye, muuguzi mpya wa zahanati. Niliwagawia dawa ya kuchua, na juma lililofuata wakarudi wale wale. Kaka yangu Wilondja, mpagazi mwenzao, aliyenisomesha kwa mgongo wake, hakuwamo. Yeye aliumwa kuliko wote, ila aliona haya kupanga foleni kwa mdogo wake.

Daktari wa teritwari, yaani wilaya yetu, Mbelgiji mpole aliyeshuka kutoka Fizi kila mwezi, aliniletea karatasi za watu waliochunguza migongo ya wapagazi wa bandarini. Tulizisoma pamoja, jasho likinitoka, maana Kifaransa changu kilikuwa cha kuungaunga. Zilisema kiuno hakiharibiwi na uzito peke yake, bali pia na kuinama, kujipinda na kunyanyua mzigo kutoka chini.

"Dawa yako haitaponesha hii," akaniambia. "Badirisha kazi yenyewe."

Tukamwomba meneja wa ghala ajaze magunia nusu. Alikubali kwa kununa. Nilijisifu kutwa nzima, mpaka nilipokwenda kutazama: kila mwanamume alibeba magunia mawili. Wilondja alibeba matatu.

"Nusu gunia ni ya batoto," alisema. "We unataka bamama ba Baraka banicheke?"

Ndipo nikawatazama hao akina mama. Wakitoka shambani, hakuna aliyejinyanyulia mzigo peke yake. Kitunga, kapu la mzigo, kiliwekwa juu ya gogo, mwenye mzigo akatwikwa mgongoni na mwenzake, mshipi wa kukishikilia ukakaa kwenye paji la uso, naye akaondoka. Aliyekuwa peke yake alisubiri mpita njia, wala hakuona aibu kumwomba. Mama yetu alifanya hivyo maisha yake yote na mimi sikuona, nikangoja karatasi za Ulaya.

Nikamwagiza seremala meza nene, kimo cha kiuno cha mpagazi. Kanuni yake ilikuwa moja: wawili wanapandisha gunia mezani, kisha wanamtwika mwenzao. Wapagazi walicheka. Kapita, msimamizi wao, aliitumia kuwekea kofia yake. Wilondja aliipita kando majuma kadhaa, akinyanyua kutoka chini. Nilijua mgongo ule unakokwenda, lakini ningemwamuruje mkubwa wangu?

"Yaya, twikwa basi," nilimsihi, nikimwita kaka kwa heshima.

"Mi siko mwanamuke."

Asubuhi moja alianguka hapo hapo, gunia juu yake. Alilala mkekani miezi mingi, mguu mmoja umekufa ganzi. Siku moja akasema, "Mudogo, munipeleke ku ghala." Tukambeba kwa machela, tukamketisha karibu na meza. Akawaambia wenzake, "Nani alikuwa na nguvu kunipita? Basi muniangalie. Mutwikane."

Hakuna aliyecheka. Kapita akaondoa kofia yake mezani. Tangu siku hiyo foleni yangu ilianza kupungua, na daktari akanipongeza mbele ya meneja. Wilondja hakubeba tena kitu.

Baadaye nilihamishiwa Lulimba, kwa wachimba dhahabu, kisha Fizi. Kila kituo nilianza na meza, na wakubwa wangu waliniandikia sifa. Nilizipokea kwa uchungu, maana elimu yangu ilimfaa kila mtu isipokuwa aliyeilipia.

Sasa nimestaafu, na Wilondja tumekwisha kumzika. Ninatamani harufu ya pamba ya ghala lile, na kelele za wapagazi wakiitana. Nikitoka shambani na gunia langu dogo la muhogo, naliweka juu ya gogo na kumsubiri mpita njia. Vijana ni wema, hunitwika na kwenda zao. Lakini kila ninaposikia mikono ya mtu ikiuinua mzigo wangu, namkumbuka yaya. Alinibeba mimi miaka yote ile, na sikupata kumtwika hata mara moja.