Ya Saba Ilikuwa Ndefu Kidogo

Uongo wenyewe niliusema siku ya usaili, kabla hata sijaketi vizuri. Mtayarishaji wa vipindi, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, aliniuliza ninasikiliza nini nikiwa nyumbani. Ukweli ni kwamba nyumbani kwetu Waithaka tulisikiliza redio ya mama yangu, nayo ilikuwa imekwama kwenye stesheni moja ya nyimbo za kanisa tangu kitufe chake king'oke. Lakini nilikuwa na digrii ya mawasiliano, na jana yake nilikuwa nimesoma neno jipya gazetini.

"Mara nyingi nasikiliza podikasti," nikasema.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo hata watu wa redio, wengi wao, hawakulijua neno hilo. Yeye alivaa miwani yake ili anione vizuri.

"Podikasti? Kumbe! Hapa nikisema podikasti wananiuliza kama ni dawa ya minyoo." Akacheka peke yake, kisha akageuka kwa bwana wa utumishi aliyekuwa kando yake. "Huyu nampeleka kwangu."

Ndivyo nilivyopata miezi mitatu ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika redio ya umma, katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Tulikuwa wawili, mimi na msichana mmoja mpole wa kutoka Kakamega. Mwisho wa miezi hiyo mmoja wetu angepewa mkataba wa mwaka mzima, na barua ya kumpendekeza ingeandikwa na Madam. Wote walimwita Madam, hata mkubwa wake.

Wiki ya pili aliniita mezani kwake akanipa karatasi. Nyuma ya skripti ya zamani alikuwa ameandika kwa mkono orodha ya podikasti saba, na anwani zake za mtandao, herufi moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayemwandikia mgonjwa jinsi ya kumeza dawa. Kando ya karibu kila moja aliweka neno la kuongoza masikio. *Ya kwanza: mnara wa taa. Zingatia upepo. Ya pili: mwanamke na piano. Zingatia mlango. Ya nne: mwokaji mikate. Hakuna muziki hata kidogo, jiulize kwa nini.* Ya saba haikuwa na neno lolote. Alikuwa ameandika tu: *Jikoni.*

"Sikiliza kwa wakati wako," alisema. "Halafu uje tuongee. Mimi sina mtu wa kuongea naye hapa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yananichoma hadi leo.

Nilijaribu. Nataka hilo lijulikane, ingawa halibadilishi kitu. Jumamosi nilikwenda saiba moja, mahali pa kulipia intaneti, kule Ngara, juu ya duka la vitambaa. Nikaiandika anwani ya kwanza, nikabonyeza, na mstari mdogo wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Baada ya nusu saa ulikuwa haujafika robo. Kisha stima zikapotea, zikarudi, na mstari ukaanza upya. Visikizio vilivyokuwa pale vilitoa sauti sikio moja tu. Ningeweza kurudi Jumatatu nikasema, "Madam, mtandao umenishinda, nisaidie." Angenisaidia. Ofisini alikuwa na zote kwenye sidii. Lakini mtu ambaye "mara nyingi" husikiliza podikasti, angekuwa anazisikilizia wapi muda huo wote? Niliona swali hilo likija na majibu yake yote, nikaona bora nisilianzishe.

Basi nikasoma maelezo. Kila podikasti ilikuwa na aya fupi kwenye ukurasa wake, na zile zilifunguka upesi. Nikaziandika kwenye daftari kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Halafu nikapanga. Nikisifu zote saba, atashuku. Mtu aliyesikiliza kweli huwa na lalamiko. Kwa hiyo ni lazima nilalamikie moja. Ipi sasa? Si ya kwanza, kwa kuwa mtu huanza na anachokipenda. Si zile alizoziandikia maneno pembeni, maana hizo bila shaka ndizo kipenzi chake. Ya saba haikuwa na neno, na aya yake ilikuwa ya mistari miwili tu: mama na binti, jikoni, nje kidogo ya Nairobi, dakika kumi na tatu na nusu. Jina la mtayarishaji halikuwepo. Nikaamua kwamba hiyo ndiyo asiyoijali sana. Nilijipongeza, tena njia nzima kurudi Waithaka.

Jumatatu wakati wa chai aliniuliza, nami nikaanza. Nilisema upepo wa kule mnarani ulinifanya nijikunyate. Nilisema ule mlango wa mwanamke wa piano karibu unilize. Alikuwa ameacha kunywa chai.

"Na ya saba?"

"Ya saba ni nzuri," nikasema. "Ila niliona ni ndefu kidogo."

"Ndefu wapi?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo. "Katikati," nikajibu, maana kila kitu kina katikati.

Alichukua kalamu akaandika kitu kwenye kiganja cha mkono, kama alivyozoea. "Katikati," alisema polepole. "Asante. Afadhali nimeambiwa na mtu mwenye masikio mapya."

Siku ile sikujua nimefanya nini. Nilijua Ijumaa, aliponipa sidii yenye kasha la zamani na kuniomba nichape maneno yake yote kwa ajili ya maktaba. Kwenye kasha paliandikwa *Jikoni*, na chini yake jina lake mwenyewe.

Alinieleza akiwa amesimama. Alikitengeneza kipindi hicho miaka kadhaa nyuma, kwa kubadilishana na redio moja ya ng'ambo, na wale wa ng'ambo ndio waliokiweka mtandaoni. Mama anayesikika humo alikuwa mama yake mzazi. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Jumanne ijayo kingerushwa hapa kwetu kwa mara ya kwanza, baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, lakini nafasi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Aliomba aongezewe muda, akakataliwa. Alikuwa amekaa mwezi mzima bila kujua la kufanya.

"Wewe ndiwe umenisaidia," alisema. "Nimekata katikati."

Nilikwenda nayo nyumbani. Jumamosi alasiri mama yangu alikuwa sebuleni akipiga pasi nguo za kanisa, nami nikaiweka sidii kwenye mashine ya kuchezea filamu, nikaketi na daftari.

Kwanza Madam mwenyewe anaeleza mahali na mtu. Halafu ni jikoni, kuna kuku nje, maji yanamiminwa, mama mzee anamtania bintiye kwamba amekuja na mashine badala ya kuja na unga. Wanacheka. Wanaongea juu ya majirani. Kisha, katikati, binti anauliza: "Mama, uliwahi kutaka kuwa kitu kingine?"

Mama hajibu. Unasikia kisu tu, kikimenya viazi, na kiazi kikiingia majini. Kimoja. Cha pili. Kisu kinasimama, kinaendelea. Nilitazama saa ya ukutani kwa sababu nilidhani mashine imekwama. Ilipita dakika moja na nusu, na zaidi kidogo. Halafu mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nipe ile sufuria."

Mama yangu alikuwa ameisimamisha pasi hewani.

"Huyo ni nani?" akaniuliza.

"Ni mama ya bosi wetu."

"Alitaka," mama akasema. "Sikia vile amenyamaza. Alitaka sana." Kisha akaendelea kupiga pasi, na hakuuliza tena.

Nilifunga daftari. Nilifanya hesabu ambayo hakuna aliyenituma kuifanya: dakika kumi na tatu na nusu, toa dakika moja na nusu. Ule ukimya ndio alioukata. Sasa binti angeuliza swali, na mama angejibu papo hapo, "Nipe ile sufuria," kama mtu asiyetaka kusumbuliwa. Mama wa watu angepita hewani, nchi nzima, akiwa mama asiyejali, na ni kwa sababu mimi nilitaka uongo wangu ufanane na ukweli.

Jumatatu niliingia kazini nikiwa nimejiandaa kusema. Kwenye mkutano wa asubuhi Madam akanitangulia. "Huyu mtoto wetu ana masikio," aliwaambia wote, akiwa amenishika bega. Msichana wa Kakamega alinitazama bila chuki yoyote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nikatabasamu. Siku nzima nilimfuata Madam kwenye ukumbi kama karani mwenye faili, na kila alipogeuka nilimwuliza kitu kingine.

Nilisema Jumanne, saa sita na robo, nje ya maktaba ya kanda za sauti. Sikuchagua wakati, alikuwa ametoka tu na sidii ya kurushwa mkononi, nikamzuia njia.

"Madam, mimi sikuzisikiliza."

"Hukusikiliza nini?"

"Podikasti. Nilisoma tu maelezo. Ile ya Jikoni nimeisikia Jumamosi tu. Si ndefu. Tafadhali usiikate."

"Zote saba?"

"Zote saba."

"Hata ya piano?"

"Hata ya piano."

"Na ulisema ulilia."

"Nilisema karibu nilie."

Nilitamani anigombeze. Aliangalia saa. Akasema tu, "Nifuate," na tukaingia kwenye chumba cha uhariri. Alifungua kipindi kamili kwenye kompyuta, akapeleka mshale hadi mwanzo kabisa, mahali anapoeleza yeye ni nani, mama yake ni nani, na kwa nini alikwenda kumrekodi. Dakika moja na nusu ya sauti yake. Akaikata yote. Katikati hakugusa. Akakirekodi kwenye sidii mpya.

"Lakini watu hawatajua ni mama yako," nikasema.

"Si watanisikia nikimwita Mama?" akasema, bila kunitazama. "Peleka hii kontroo. Mimi naenda studio kumwambia mtangazaji asisome ule utangulizi niliomwandikia."

Kwenye kontroo, chumba cha kurushia matangazo, alikuwepo fundi wa mitambo, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa haniiti kwa jina. Juu ya kichwa chake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, herufi kubwa: KIMYA NI KOSA. Kimya kikipita sekunde kumi, fundi anatakiwa kuweka muziki. Alikuwa amewahi kuandikiwa barua ya onyo kwa kimya cha nusu dakika, na aliisimulia kila wiki.

"Sasa, Atachimenti," alisema. "Leo wamekutuma wewe? Kipindi hakina wenyewe?"

Taarifa ya habari ikaisha, sidii ikaanza. Kuku, maji, vicheko. Kisha swali. Kisha viazi. Kwenye spika ndogo ya chumba kile, kiyoyozi kikinguruma, havikusikika. Sindano ya mtambo inayopima sauti ililala.

"Eh! Imekufa!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe cha muziki.

"Haijakufa."

"Wewe, hiyo imekufa! Unataka nifutwe kazi?"

"Mzee wangu, anamenya viazi." Nilikuwa nimemshika mkono, mimi ambaye sijawahi kumgusa mtu mzima bila salamu. Nikampa kisikizio kilichokuwa mezani. "Skiza. Hiyo ni kisu. Sasa kiazi kinaingia kwa maji. Kuna ingine, halafu kisu itasimama, halafu itaanza tena. Bado kuna dakika nzima. Kisha ataitisha sufuria."

Alisikiliza huku akinikazia macho. Kisu kilisimama. Kikaanza tena. Polepole aliondoa kidole kwenye kitufe, lakini hakukipeleka mbali.

"Nipe ile sufuria," mama akasema.

"Aisee," akasema fundi.

Kipindi kilipokwisha Madam aliingia kuchukua sidii yake. Macho yalikuwa mekundu. Hakunigeukia mimi, alimwuliza fundi, "Ilikuwa ndefu?"

"Ndefu, Madam! Nusura nikuwekee rumba. Huyu wako amening'ang'ania mkono kama polisi."

Alicheka kidogo, na fundi akacheka. Mimi nilitazama karatasi ya ukutani.

Mkataba alipewa msichana wa Kakamega. Barua aliiandika Madam, nami niliichapa mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kuchapa. Ilikuwa barua ya haki. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeupata mkataba iwapo ningenyamaza, na nikishamaliza kujiuliza hilo naona aibu upya kwa kuwa ndilo ninalojiuliza.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda mezani kwake kuaga. Alinyoosha mkono. Nilidhani ananipa mkono wa kwaheri, kumbe alitaka ile orodha. Nilikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaifungua, akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mmoja juu ya ya saba. Kisha akatoa kwenye droo rundo la sidii lililofungwa kwa mpira, akaliweka juu ya karatasi, na kunisukumia vyote upande wangu wa meza.

Zilikuwa sidii sita.